Eti michezo inatugusa sababu ya ushindi tu?

Wengi wanasema eti tunalia uwanjani sababu ya kushinda tu, ukifungwa basi raha imeisha. Siyo kweli bana. Mcheki John Stephen Akhwari, Mtanzania wetu, marathoni ya Olimpiki Mexico City 1968: kaanguka njiani, goti likateguka, wakamfunga bendeji akaendelea hivyo hivyo anachechemea, anaingia uwanjani giza limeshaingia, zaidi ya saa nzima tangu Mamo Wolde wa Ethiopia achukue dhahabu, na watu wachache waliobaki wakampigia makofi. Wa mwisho, namba 57! Medali hana, lakini nani anamkumbuka aliyeshika nafasi ya nne siku ile? Kinachotutoa machozi ni kumwona mtu anabishana na maumivu yake na hakati tamaa, mpaka mimi mwenyewe kila nikiiona ile video najikuta nashika goti.