Je, wajua kwa nini sanduku la kikoba lina makufuli matatu?

Kama umewahi kuhudhuria mkutano wa kikoba, yaani kikundi cha watu wanaoweka akiba pamoja na kukopeshana, sanduku lenyewe unalijua. Ni la bati, mara nyingi limepakwa rangi ya bluu au kijani, na fundi amelichomelea makomeo matatu. Kila komeo lina kufuli lake na kila kufuli lina ufunguo wake. Mtunza sanduku hulileta mkutanoni, huliweka katikati, kisha hukaa kusubiri kama wengine, kwa sababu yeye hana hata ufunguo mmoja. Wanawake watatu huinuka kutoka sehemu tatu tofauti na kila mmoja hufungua kufuli lake. Mmoja wao akichelewa kwa kuwa mtoto kaamka na homa, kikundi kizima kinamngoja, au kijana anatumwa mbio kwenda kuuchukua ufunguo.

Taabu yote hiyo ya nini? Kufuli moja imara lisingetosha?

Jibu ambalo kila mtu analo ni wizi. Ni la kweli, ila halifiki mbali. Mwizi wa usiku hahangaiki na makufuli, anabeba sanduku zima. Makufuli matatu yamewekwa kwa ajili ya watu wa ndani, na ukiangalia nani anashika funguo utaona akili iliyotumika. Mwenyekiti hashiki. Katibu hashiki. Mweka hazina naye hashiki. Funguo wanapewa wanachama wa kawaida wasio na cheo, tena wasiokaa nyumba moja. Anayeandika hashiki pesa, wanaohesabu pesa kwenye mabakuli hawaandiki, na anayelala na sanduku chumbani hawezi kulifungua. Ili pesa ziibwe kimyakimya itabidi watu wengi wakubaliane, na watu wengi wakikubaliana jambo mtaani siri haipo.

Kuna sababu nyingine ninayoiona kubwa kuliko hiyo. Makufuli yanamlinda mtunza sanduku mwenyewe. Mume anadaiwa na anataka kulipa leo. Shemeji analazwa hospitali. Kaka amekuja kutoka kijijini na shida ambayo haiwezi kusubiri mpaka Jumamosi. Mwanamke anayejulikana kuwa na pesa ndani ya nyumba huombwa na watu ambao ni vigumu kuwanyima. Akisema "sina ufunguo" anasema kweli, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Aliyebuni utaratibu huu aliyajua maisha ya mwanamke nyumbani, si hesabu peke yake.

Basi utaratibu huu ulitoka wapi?

Mizizi yake iko Maradi, kusini mwa Niger, karibu na mpaka wa Nigeria. Mwaka 1991 shirika la misaada la CARE lilianza kufanya kazi na wanawake wa vijiji vya huko, na mradi ukaitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye mbinu. Mnorwe mmoja, Moira Eknes, ndiye anayetajwa kuuanzisha. Lakini hakufika mahali patupu. Wanawake wa Maradi walikuwa na mchezo wao wa kuchangishana, ule ambao sisi tunauita upatu na Afrika ya Magharibi inayozungumza Kifaransa inauita tontine. Kazi iliyofanyika Maradi ilikuwa kuuchukua upatu huo na kuurekebisha pale ulipokuwa unawaumiza.

Kila aliyecheza upatu anajua unaumiza wapi. Kila mtu anatoa, mmoja anapokea, mnazunguka mpaka wote wamepata. Kama zamu yako ni ya tisa na mtoto amefukuzwa ada mwezi wa pili, upatu haukusaidii, labda kijumbe, yule anayeusimamia mchezo, akubali kukubadilishia zamu na mwenzako. Tena pesa haikui. Ulichotoa ndicho utakachopokea, na aliyepata zamu ya mwisho amewakopesha wenzake wote bila kupata chochote. Wanawake wa Maradi waliendelea kuchangishana kila wiki, ila fungu lote halikukabidhiwa mtu mmoja tena. Lilibaki la kikundi. Mwenye shida anakopa, anarudisha na nyongeza, na nyongeza inarudi kwa wanachama wenyewe.

Walifanya hivyo bila daftari. Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo walipanga kila mwanachama atoe kiasi kilekile ili hesabu ikae kichwani. Mwisho wa mkutano kiasi kilichobaki kilitajwa kwa sauti na wote wakakishika. Mkutano uliofuata ulianza kwa kukitaja tena, kisha fedha zikahesabiwa mbele ya wote kuona kama zinalingana. Desturi hiyo ipo mpaka leo, hata kwenye vikundi vyenye katibu mwenye kalamu nzuri: kabla ya jambo lolote, wanachama wanaulizwa wiki iliyopita sanduku lilifungwa na shilingi ngapi. Mgeni hudhani ni salamu za kikao, kumbe hapo ndipo mahesabu yanakaguliwa. Kampuni kubwa hukaguliwa mara moja kwa mwaka. Kikoba kinakaguliwa kila wiki na wenye pesa wenyewe.

Mfumo uliposambaa nchi nyingine, hisa ziliingia ili mwenye uwezo aweke zaidi na mwenye hali ngumu aweke kidogo, na hapo ndipo vitabu vya wanachama vikahitajika. Angalia kitabu cha mwanachama wa kikundi cha hisa: katika vikundi vingi hakuna tarakimu nyingi, kuna mihuri. Hisa moja, muhuri mmoja. Kwa kawaida mwanachama hununua hisa kuanzia moja hadi tano kwa mkutano, na visanduku visivyogongwa muhuri huchorwa mstari ili mtu asije akaongeza baadaye. Bibi ambaye hakwenda shule anaweza kuhesabu mihuri yake na akajua akiba yake bila kumwamini mtu amsomee.

Hesabu ya mwisho wa mwaka nayo ni nyepesi kuliko watu wanavyoogopa. Tuseme hisa ni shilingi 2,000 na kikundi chenye watu 25 kimeuza hisa 4,000 kwa mwaka. Akiba ni shilingi 8,000,000. Mikopo imezunguka, nyongeza na faini za kuchelewa zimeingia, na siku ya kugawana zinahesabiwa 9,600,000. Gawanya kwa hisa 4,000: kila hisa sasa ina thamani ya shilingi 2,400. Aliyenunua hisa tano kila wiki kwa wiki 52 ana hisa 260, aliweka 520,000 na anaondoka na 624,000. Aliyepata hisa 60 tu aliweka 120,000 na anaondoka na 144,000. Kila mmoja amekua kwa kiwango kilekile, mwenye nyingi na mwenye chache. Kwa Waislamu suala la riba ni zito, na vipo vikundi vinavyokopeshana bila nyongeza yoyote, vikabaki na faida ya akiba na ya kusaidiana.

Pembeni ya hisa kuna mfuko wa jamii. Huo haukopwi kwa biashara. Ni wa msiba, uzazi, ugonjwa, nyumba iliyoungua. Pesa zake huhesabiwa peke yake na kuhifadhiwa peke yake, mara nyingi ndani ya kimfuko cha kitambaa humo humo sandukuni. Hiyo ni bima, na imeendeshwa na watu ambao kampuni ya bima haikuwahi kubisha hodi kwao.

Sasa turudi kwenye usalama, maana kuna jambo watu wengi hawalitambui. Ulinzi mkubwa wa sanduku ni kwamba karibu muda wote halina pesa nyingi. Hisa zinaingia, marejesho yanaingia, na kabla ya mkutano kwisha sehemu kubwa imeshakopeshwa. Makufuli yanalinda mabaki, mihuri na vitabu. Hatari yenyewe huja wiki za mwisho kabla ya kugawana, mikopo yote inaporudishwa na sanduku kujaa. Matukio ya kuibiwa au ya kiongozi kutoweka hutokea zaidi wakati huo, na ndiyo maana vikundi makini hupeleka pesa benki au kwenye simu mwezi wa mwisho, au hupanga marejesho ya mwisho yaangukie siku ya kugawana yenyewe.

Kuna kazi nyingine inayofanyika pale mkekani ambayo haitajwi kabisa, nayo ni ushauri wa fedha. Mwanachama anayetaka mkopo hasaini fomu kimya. Anasimama na kusema anataka kiasi gani na cha nini, na kwa kawaida hawezi kuzidi mara tatu ya akiba yake. Mama lishe anaomba 300,000 anunue friji ya kuuzia juisi. Anaulizwa: umeme wa pale kibandani unakatika mara ngapi? Shule ya jirani inafungwa lini, maana wanafunzi ndio wateja wako? Marejesho ya kwanza utayatoa wapi kama friji ikichelewa kufika? Mwingine aliyewahi kuuza juisi anamwambia aanze na deli la barafu la 40,000, akiona linamaliza kila siku ndipo aje kuomba friji. Maswali hayo yanatoka kwa watu ambao pesa yao ndiyo inayokopwa na ambao wanakijua kile kibanda. Afisa mikopo mzuri hujifunza kuuliza hivyo baada ya miaka kadhaa kazini.

Na benki zilikuwa wapi? Mkopo wa shilingi 50,000 unahitaji karatasi, muda na ufuatiliaji karibu ule ule wa mkopo wa milioni 50, na faida yake hailipi hata nauli ya afisa. Halafu kuna dhamana: hati ya nyumba au shamba, ambayo mara nyingi ina jina la mume. Katika hili Kenya ilitangulia kupiga hatua. Mary Okelo, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuwa meneja wa tawi la benki ya Barclays nchini humo mwaka 1977, aliona namna wateja wanawake walivyokwama, na mwaka 1981 akawa miongoni mwa walioanzisha Kenya Women Finance Trust, taasisi ya kuwakopesha wanawake. Tanzania ilifungua Benki ya Wanawake mwaka 2009, ikaja kuunganishwa na Benki ya Posta mwaka 2018. Kikoba hakikungoja lolote kati ya hayo. Dhamana yake ni akiba ya mkopaji mwenyewe na uso wake mbele ya wenzake.

Kwetu mfumo wa Maradi uliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zanzibar ulikuja kwa njia ya msitu: CARE ilikuwa ikishughulika na uhifadhi wa Jozani, makazi ya kima punju, na watu wa vijiji vya jirani walihitaji njia ya kupata kipato bila kukata miti. Tanzania Bara shirika la SEDIT lilisambaza ule wa VICOBA, yaani benki za jamii vijijini, wenye vikundi vidogo vya watu watano wanaodhaminiana. Leo duniani kuna mamilioni ya wanachama, katika makumi ya nchi, na wengi wao ni wanawake. Mwaka 2019 Vodacom na Benki ya Posta walileta M-Koba, ambapo pesa ya kikundi inakaa kwenye simu na haitoki mpaka zaidi ya kiongozi mmoja aidhinishe kwa namba yake ya siri. Hao ni wale watunza funguo wa sanduku, wamehamia kwenye simu.

Sisemi kikoba hakina kasoro. Wapo wanaochukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonya, ili walipe marejesho ya kikoba, na wapo matapeli wanaojiita VICOBA huku wakikusanya ada kwa watu wasiojuana. Ukiona kikundi kinachukua pesa yako bila wewe kukaa kwenye mkutano na kuona sanduku likifunguliwa, hicho kimeitupa nusu ya uvumbuzi wenyewe.

Kinachonigusa ni nani anapewa heshima. Tunawapongeza wanawake waliofika juu kwenye mabenki, na wanastahili. Ruth Zaipuna alipoteuliwa kuiongoza benki ya NMB mwaka 2020, wasichana wengi waliona nafasi ambayo hawakuwahi kuiona. Lakini majina ya wanawake wa Maradi walioketi na kuamua kwamba fungu lisigawiwe, likopeshwe, hayajulikani kwetu. Na huku kwetu mama aliyekuwa katibu wa kikoba kwa miaka kumi, ambaye vitabu vyake havijawahi kupishana hata shilingi, akijaza fomu ya hospitali kwenye nafasi ya kazi anaandika "mama wa nyumbani".

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi vinatambuliwa kisheria kama daraja la nne la watoa huduma, na husajiliwa kupitia halmashauri. Maana yake kila wilaya sasa ina orodha ya vikundi na viongozi wao. Kamati zinazotafuta wanawake wa kuwatunuku katika sekta ya fedha zinaweza kwenda kwa afisa maendeleo ya jamii, zikaomba orodha hiyo, kisha zikauliza kikundi kipi kimegawana kila mwaka bila ugomvi na nani alikuwa anaandika vitabu vyake.