Mwezi wa Msamaha wa Silaha: Bunduki Haramu na Uchumi wa Mfugaji

Kila Septemba Umoja wa Afrika huadhimisha Mwezi wa Msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari, na kila mwaka swali la kwanza tunaloulizwa ni lile lile: mtanilipa pesa ngapi? Hatununui bunduki. Anayeuliza hivyo anaihesabu silaha kama ng'ombe wa kupelekwa mnadani, ilhali boma lake na majirani wake wamekuwa wakiigharamia miaka yote.

Gharama hiyo inajulikana vyema Baringo, Turkana na Pokot Magharibi, kaunti za wafugaji nchini Kenya. Soko la mifugo likifungwa kwa hofu ya wavamizi, mfugaji humuuzia mbuzi wake mchuuzi yeyote atakayethubutu kufika, kwa bei atakayoitaja mchuuzi. Lori la unga haliji, mwalimu anaomba uhamisho, na mkandarasi wa kisima hakubali kushusha mabomba kabla ya kupewa askari wa kumlinda, hivi kwamba pesa za maji zinaishia kwenye mafuta ya magari ya doria.

Wanaodai kwamba hoja hii, kuwa silaha hula pesa za maendeleo, imeletwa na wafadhili wanakosea. Ibara ya 26 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 inataka amani idumishwe huku sehemu ndogo kabisa ya watu na mali ya dunia ikielekezwa kwenye silaha, na mkutano wa kimataifa uliofanyika New York mwaka 1987 ulijadili suala hilo hilo: upunguzaji wa silaha na maendeleo. Hata hivyo, taasisi ya utafiti ya SIPRI inakadiria kwamba matumizi ya kijeshi duniani mwaka 2024 yalifikia takriban dola trilioni 2.7. Mfugaji wa Kapedo, mpakani mwa Baringo na Turkana, hana sauti katika bajeti hizo, lakini uamuzi kuhusu bunduki iliyofichwa chini ya ngozi nyumbani kwake uko mikononi mwake.

Hofu ya kubaki bila ulinzi tunaielewa. Karamoja, nchini Uganda, zoezi lililoanza Desemba 2001 liliwapa waliosalimisha silaha plau na mabati. Jeshi lilipohamishiwa kwingine mwaka uliofuata, wengi wao walivamiwa na majirani waliobaki na bunduki zao. Plau haina faida shambani kusikolimika kwa milio ya risasi. Ndiyo sababu Itifaki ya Nairobi ya 2004, kuhusu udhibiti wa silaha ndogo, inazitaka nchi za kanda kushirikiana, na ndiyo sababu tunazishauri jamii jirani zisalimishe kwa wakati mmoja.

Sasa utaratibu. Usiibebe silaha kwenye bodaboda wala kuipitisha kizuizini ukitumaini kueleweka. Mweleze kwanza chifu au kiongozi wa dini unayemwamini, afike kituoni kupanga mahali na saa ya kuipokea. Kisha hakikisha nambari ya silaha na idadi ya risasi zimeandikwa, na uondoke na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Msamaha wa Umoja wa Afrika peke yake haumkingi mtu na mashtaka nchini, kwa hiyo zingatia tarehe na maeneo yatakayotajwa na serikali. Mnamo Februari 2023, muda uliotolewa Bonde la Ufa Kaskazini ulikuwa siku tatu tu.

Muda ukipita, Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, ndiyo inayotumika. Kupatikana na silaha za aina ya AK-47 au G3 bila kibali kunaweza kumfunga mtu maisha, na vivyo hivyo kuikodisha kwa ajili ya uhalifu. Risasi bila cheti ni kosa hata kama bunduki haipo. Tumechoka kueleza kwamba kuachiwa silaha na marehemu baba hakuifanyi kuwa halali.

Mnamo Juni 2021 silaha 5,144 ziliteketezwa Ngong. Jamii zinazosalimisha zao zina haki ya kudai kinachofuata: nendeni kwenye vikao vya bajeti ya kaunti mkiwa na orodha yenu, yaani soko lifunguliwe siku gani, shule ipi irudishiwe walimu, na kituo cha polisi kijengwe upande upi wa mto.