Saraka ya Watumiaji: Yanayosemwa na Yalivyo

"Saraka ni hifadhidata tu iliyopewa jina jingine." Si kweli. Saraka ni orodha ya pamoja ya watu na vifaa vya shirika, ambayo programu mbalimbali huiuliza. LDAP, itifaki iliyotoka mwaka 1993 kama njia nyepesi ya kuzifikia saraka za X.500 (kiwango cha awali cha saraka), hupanga taarifa kwa matawi: shirika, ndani yake idara, ndani yake mtu. Huwafaa wanaosoma sana na kubadilisha mara chache: majina, barua pepe, makundi, anwani za printa. Ukianza kuandikia humo kila oda inayoingia, utakuwa umeitwisha mzigo usio wake.

"Tukiweka mipangilio yote kwenye saraka, mafaili ya zamani tunafuta." Sasa programu itajuaje saraka yenyewe iko wapi? Anwani ya seva, tawi la kuanzia kutafuta na cheti cha kuitambua seva hiyo lazima programu ivipate kwingine kabla haijauliza lolote. Kinachostahili kuhamishwa ni kile ambacho programu kadhaa hukihitaji kwa pamoja. Rangi ya menyu ya programu moja ibaki ilipo.

"Nenosiri moja maana yake unaingia mara moja." Hayo ni mambo mawili. Programu huchukua jina na nenosiri lako, huyapeleka kwenye saraka, hujibiwa ndiyo au hapana. Ukifungua programu ya pili utaulizwa tena, ingawa nenosiri ni lilelile. Kuingia mara moja ni kazi ya mifumo mingine: Kerberos, SAML na wenzao.

"Saraka ikijibu imefaulu, basi huyo ndiye mwenyewe." Hii ndiyo hatari kuliko zote, na wengi hawaijui mpaka waibiwe. Tuseme mtu anaandika uid=amina,ou=watu,dc=mfano,dc=org (jina kamili la Amina ndani ya saraka) kisha anaacha nenosiri tupu. Kwa kanuni za LDAP, ombi la namna hiyo si la Amina. Ni la mgeni ambaye hajathibitishwa. Seva inayoruhusu wageni hulikubali na kujibu kwamba limefaulu. Programu iliyoandikwa kivivu huona neno hilo, haiulizi zaidi, inamfungulia mgeni akaunti ya Amina. RFC 4513, hati ya mwaka 2006 ya kanuni za usalama wa LDAP, imeonya waziwazi: seva ilikatae ombi hilo isipokuwa msimamizi ameruhusu kwa makusudi, na programu isipokee nenosiri tupu. Upande wa programu dawa yake ni sharti moja tu kwenye msimbo, kabla ya kuigusa seva.

Na usalama wa njiani je? Bila TLS, yaani usimbaji unaoficha mawasiliano njiani, nenosiri hupita kwenye mtandao likiwa wazi, hata kama ndani ya saraka limehifadhiwa kwa ustadi.

"Ukifunga akaunti, mtu ametoka kila mahali." Atakataliwa atakapojaribu kuingia upya. Lakini kama tayari yumo ndani ya programu, ataendelea na kazi mpaka muda wa kikao chake uishe, kwa kuwa programu nyingi hazirudi kuiuliza saraka kwa kila bofyo. Tena saraka zenye nakala kwenye seva kadhaa huchelewa kidogo kupashana habari, hivyo nakala iliyo nyuma inaweza kumkubali hata akijaribu kuingia upya. Anayeachishwa kazi leo afungiwe akaunti, kisha vikao vyake vikatwe katika kila programu.