Kabla hujachukua manati: mwewe, bata wa uani na sheria ya wanyamapori

Mwezi uliopita alikuja ofisini kwetu, ofisi ya wanyamapori, mfugaji mmoja na kiroba mkononi. "Bwana nyama," akasema, "mwizi wa bata zangu nimemleta." Akamwaga mezani ndege aliyekufa: kifua cheupe, mgongo wa kijivu, mabega meusi, macho mekundu. Alitegemea pongezi. Sasa, ndege yule ana uzito wa gramu 250 hivi na riziki yake kubwa ni panya wa shambani. Bata mkubwa hamwezi hata kumsogeza. Mfugaji alikuwa ameua mlinzi wa mtama wake mwenyewe, kisha akaingia ofisi ya Serikali akiwa amebeba kielelezo cha kosa lake.

Tukio lile, pamoja na malalamiko yaliyoongezeka tangu mvua zianze, ndiyo sababu ya maelezo haya. Malalamiko hayo yanatoka zaidi mitaa inayopanuka ya jiji la Dodoma kama Nzuguni, Ihumwa, Mkonze na Nala, na vijiji vya Hombolo na Bahi ambako bata wana maji ya kuchezea. Najua wanaolalamika ni watu wema wanaotafuta ada ya shule na kitoweo. Ufugaji wenyewe sitaugusa, mnaujua kuliko mimi. Nitagusa mwewe na sheria.

Naanza na sheria, kwa sababu ndiko watu wanakoumia. "Huyu ni ndege tu, si mnyama" ni kauli ninayoisikia karibu kila wiki, na nakiri imenichosha. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haitambui "ndege tu". Mwewe, kipanga, kozi, tai, tumbusi na bundi wote ni wanyamapori, hata wakiwa juu ya bati la nyumba yako katikati ya jiji. Kuwinda au kukamata mnyamapori bila leseni au kibali ni kosa. Kutumia sumu ni kosa lingine juu ya hilo. Na ndege akishakufa, manyoya yake, kucha zake, mdomo wake na fuvu lake ni nyara ya Serikali, yaani mali ya Serikali. Kwa hiyo yule anayening'iniza mbawa za mwewe mlangoni mwa banda "ili wenzake waogope" anahifadhi nyara ya Serikali bila kibali, tena hadharani. Makosa ya nyara huendeshwa pia kwa sheria ya uhujumu uchumi, ambako hata dhamana si jambo jepesi, na wapo Watanzania waliofungwa miaka 20 kwa vipande vya nyamapori. Sisemi kila kesi ya mwewe itafika huko. Nasema tu kwamba mlango ni uleule.

Wapo watakaoniuliza kuhusu kutetea mali. Ni kweli sheria inatambua mazingira ya mtu kumuua mnyama akitetea maisha au mali yake. Lakini someni mpaka mwisho. Wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha kwamba hali ilikulazimisha. Unatakiwa utoe taarifa kwa afisa wanyamapori mapema iwezekanavyo baada ya tukio, na mzoga unabaki mali ya Serikali, si wako wa kuchuna. Ndege aliyetulia juu ya mgunga saa moja baada ya kifaranga kuliwa hashambulii mali ya mtu. Kumvizia hapo na manati ni kulipiza kisasi, na kisasi hakimo katika utetezi huo. Bunduki ndiyo msiitaje kabisa: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ina maswali yake, na kufyatua risasi katikati ya makazi kutakuletea polisi kabla hujaulizwa habari za bata.

Kuna pia suala la kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 zinahusu madhara ya wanyama hatari kama tembo, simba, kiboko na mamba, na hata kwa hao kinachotolewa ni pole, si fidia kamili. Mwewe hayumo. Barua zinazoomba kifuta jasho cha vifaranga kumi na wawili tunazipokea, tunazisoma, tunazijibu, na jibu ni lilelile. Tafadhali msiwalipe watu wa kuwaandikia barua hizo.

Sasa tuje uani. Kabla ya kumlaumu mwewe, jiulize bata amepotea saa ngapi. Mwewe ni ndege wa mchana. Anategemea hewa ya joto inayompandisha juu, kwa hiyo shughuli yake kubwa ni kati ya saa 3 asubuhi na saa 10 jioni. Ukilaza bata kumi na ukaamka na saba, huyo si mwewe. Ni kanu (mnyama mdogo wa usiku mfano wa paka), nguchiro aliyewahi alfajiri, paka wa jirani, chatu au bundi mkubwa, na wakati mwingine ni mtu. Angalia mabaki. Ndege wa kuwinda hunyonyoa: utakuta manyoya yamezagaa mahali pamoja, vikonyo (mashina ya unyoya) vizima, na nyama ya kifua imeliwa. Mnyama mwenye meno hutafuna manyoya, utaona vikonyo vimekatwa na vina mate, na mara nyingi kichwa hakipo. Kifaranga aliyetoweka mchana bila kuacha hata unyoya, hapo mwewe anaweza kushtakiwa.

Hata hivyo si kwa bata mkubwa. Mwewe mwenyewe, yule wa kahawia mwenye mkia wa pacha anaoupindapinda hewani kama usukani, hafikii kilo moja. Bata jike wa kienyeji ana kilo mbili au zaidi, dume huvuka nne. Tai wakubwa wa porini wanaweza kumuua bata mzima, lakini hao huonekana zaidi pembezoni, karibu na mapori, wala hawazoei uani. Wale tai weusi mnaowaona kwenye miamba yetu wanatafuta pimbi. Tumbusi wanakula mizoga. Kwa hiyo hatari ya uani, kwa sehemu kubwa, ni ya vifaranga tangu siku ya kwanza hadi wiki ya sita au ya nane. Bata wa kienyeji hulalia siku 35. Mtu akishavumilia siku 35, sioni kwa nini ashindwe kuvumilia wiki nane za kufunika.

Kuna siku moja ambayo ningependa kila mfugaji wa Dodoma aiweke kichwani: asubuhi ya baada ya mvua kubwa za mwanzo. Kumbikumbi wanatoka. Vifaranga wa bata wakiona kumbikumbi hawasikii la mama wala la mwenye nyumba, wanatawanyika uwanja mzima wakiwakimbiza. Wakati huohuo mwewe nao wanashuka kwa makumi kuwafuata kumbikumbi haohao, kwani ni chakula chao cha bure na chenye mafuta. Na ni kipindi ambacho mwewe wetu wa hapa wameongezeka, maana kuanzia Oktoba huungana na wageni wanaotoka Ulaya na Asia, ambao hurudi kwao kuanzia Machi. Mwewe aliyefuata kumbikumbi akikuta kifaranga wa gramu mia katikati yao hatafakari. Malalamiko mengi ninayoyapokea, ukirudisha siku nyuma, yanaangukia asubuhi ya namna hiyo. Siku hiyo fungia vifaranga. Kumbikumbi wakusanye wewe uwapelekee bandani.

Ili kumzuia mwewe siku nyingine, fahamu anavyowinda. Hatui chini kama kunguru. Anakuja kwa mteremko, ananyakua kwa miguu akiwa bado anaruka, kisha anapanda. Mbawa zake zikikunjuliwa zinakaribia mita moja na nusu. Maana yake anahitaji njia ya kuingia na njia ya kutokea. Uwanja mweupe uliofagiwa, usio na mti wala kichaka, ndio kiwanja chake cha ndege. Na viwanja vyetu vipya ndivyo vilivyo: mtu akishapimiwa anaanza kwa kukata kila mti, anafagia, kisha anashangaa. Acha kichaka. Panda mchongoma pembeni. Simamisha nguzo tano sita na ufunge kamba juu yake, zipishane kwa nafasi ya sentimita 30, juu kidogo ya kimo cha mtu ili usijinyonge mwenyewe. Jenga kichanja kifupi cha makuti au nyasi, si bati, maana jua letu likiwaka chini ya bati lililo karibu na ardhi vifaranga hukimbia kivuli hicho na kurudi kwenye hatari. Karai la maji na chombo cha chakula viwe chini ya kichanja. Wengi huweka karai katikati ya uwanja, bata wanaoga wakiwa hawana habari, na mama akishaingia kivulini vifaranga wanabaki majini peke yao.

Kamba hazimzuii kipanga. Huyu ana mbawa fupi, anapenya kwenye matawi, na anaweza kukaa kimya ndani ya mti kwa muda mrefu akisubiri. Kwa yeye, na kwa vifaranga wa wiki nne za kwanza kwa ujumla, dawa ni kufunika kabisa: uzio mdogo wa mita mbili kwa moja na nusu kwa mama na vifaranga kumi, wenye wavu juu. Wavu wa kuku wa tundu la inchi moja unatosha kwa ndege. Kama una kanu na nguchiro, tafuta wa nusu inchi na uufukie kidogo ardhini. Nyavu kuukuu za wavuvi wa Mtera nazo zinafaa kwa juu, mradi zivutwe zikaze, kwa sababu wavu uliolegea hunasa ndege na hunasa bata pia. Vyandarua vya malaria viacheni vitandani. Na tenga la bibi zetu bado linafanya kazi, ila liwekewe jiwe juu na lihamishwe kufuata kivuli.

Sidi (CD) na chupa zinazong'aa zikining'inizwa husaidia siku chache, kisha mwewe huzizoea. Sanamu isiyohamishwa vivyo hivyo. Kanga ni mlinzi mzuri kwa kelele, ingawa majirani watakuwa na lao la kusema. Utumbo wa kuku na mabaki ya machinjio yasitupwe karibu na nyumba: huwezi kumwandalia mwewe kifungua kinywa kila siku halafu ukashangaa amehamia kwako.

Kupaka vifaranga rangi ya zambarau au kijani, mtindo ulioenea kwa wafugaji wa kuku, siushauri kwa bata hata kidogo. Unyoya wa bata unatakiwa uwe na mafuta ili maji yasiingie. Ukiupaka rangi ya mafuta ya kupakia milango, kifaranga atalowa, atapata baridi na atakufa bila msaada wa mwewe. Yeye mwenyewe huilamba anapojisafisha.

Sumu ndiyo inayonikosesha usingizi. Mtu anachukua kiuatilifu cha shambani, anakipaka kwenye kifaranga aliyekufa na kumtega juu ya paa. Atakula mwewe, atakula mbwa wa jirani, atakula paka, na siku moja ataokota mtoto. Mzoga wa aliyekufa kwa sumu unaua wanaoula. Mwaka 2018 eneo la Ruaha walikutwa simba sita wamekufa kwa sumu na pembeni yao tumbusi zaidi ya sabini, ambao kosa lao lilikuwa kusafisha tu. Kiuatilifu kimesajiliwa kwa zao fulani na mdudu fulani. Kukitumia nje ya hapo ni kosa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, mbali na yale ya wanyamapori niliyokwishayataja.

Hapa niwaombe radhi wale wa Bahi, Chemba na Kongwa wanaojua jambo hili kwa kuliona: kukiwa na unyunyiziaji wa sumu ya kuua kwelea kwelea, wale ndege wanaoshambulia nafaka, bata wafungiwe mpaka mtangaziwe kwamba ni salama. Wadudu na madimbwi ya eneo lililonyunyiziwa si ya kuchezea bata. Kwelea waliokufa wasiokotwe, wasipikwe, wasilishwe mbwa. Najua ladha yake. Wasipikwe.

Ukiwa na tatizo sugu, utaratibu ni huu. Anza kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, si kwa mkuu wa wilaya, wala si kwa mbunge. Andika tarehe, saa, idadi ya vifaranga na umri wao. Piga picha mabaki yakiwa palepale, kabla ya kufagia. Mtendaji atamhusisha afisa mifugo wa kata, ambaye ataangalia kama ni ugonjwa, kwani bata wengi wanaokufa kwa pamoja bila jeraha si kazi ya ndege yeyote. Kama ni mnyamapori, taarifa itakuja kwetu kwa maandishi, nasi tutafika kukagua uwanja. Ukikuta ndege amenaswa kwenye wavu, mfunike kwa kitambaa kizito, ziangalie kucha kuliko mdomo, mweke kwenye boksi lenye matundu mahali penye giza, kisha utujulishe siku hiyohiyo. Ukikuta amekufa, usimguse, na usimlete kwenye kiroba. Sisi tutakuja alipo.