Gitaa la rithimu halisikiki, na hivyo ndivyo inavyotakiwa

Juzi nimeambiwa tena, na kijana wa kumiksi: "Mzee, gitaa lako silisikii, tulichomeke kwenye amplifaya au tulitoe kabisa." Tangu nistaafu dansi nikaamua kurekodi swing, ile jazz ya Kimarekani ya kuchezea dansi, za miaka ya 30 na 40 na bendi nzima, saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni tatu, maneno hayo hayaniishi. Na wanaoyasema ni watu wa muziki, ndo maana yananiuma.

Najua yanatoka wapi. Sisi tumekulia Western Jazz, Nuta Jazz, Dar es Salaam Jazz, jina jazz lakini rithimu yetu ya dansi ina melodi yake, inazunguka, inajibizana na solo, ukiitoa hata mtoto anasikia pengo. Kwenye swing gitaa liko upande wa dramu. Mapigo manne kila baa, yaani kila kipimo cha muziki, mwanzo mpaka mwisho, basi.

Msikilizeni Freddie Green, mpiga gitaa wa bendi ya Count Basie, mpiga piano wa Kimarekani. Kaingia 1937, akapiga humo karibu maisha yake yote mpaka alipofariki 1987, Basie mwenyewe alishatangulia 1984, na karibu muda wote huo hakutumia amplifaya, nyuzi kazinyanyua mbali na shingo ili gitaa litoe sauti yake lenyewe. Pembeni Walter Page anatembeza besi, Jo Jones yuko kwenye haihati, yale matuazi mawili ya dramu, Basie anadondosha nota mbili tatu za piano maana anajua huku chini kumetulia.

Sasa siri iko mkono wa kushoto na hapa hamnikatishi. Unabonyeza, unapiga kwenda chini, papo hapo vidole vinalegea bila kuachia nyuzi, sauti inakatika. Ukichelewa kulegeza, pigo linamwagikia linalofuata na swing imekufa hata kama tempo iko sawa. Wala usipige kodi nzima, yaani nota zote kwa pamoja, ya nyuzi sita, za chini zinagombana na besi, za juu zinagombana na saksafoni, unabaki na za katikati, nyingine umezizima kwa vidole. Kwa Green mara nyingi kinachosikika kweli ni nota moja, uzi wa nne. Nota moja au tatu, wapiga gitaa wanabishana mpaka leo, mimi kwenye tempo ya kasi naegemea moja, kwenye polepole bado sijaamua na nimezijaribu zote.

Ukichomeka amplifaya sauti inarefuka, ule mkwaruzo wa piki, kile kipande cha kupigia nyuzi, unapotea, gitaa linamkalia mtu wa besi. Umelisikia, sawa, ila bendi imekuwa nzito.

Kwa hiyo kijana wangu, lizime katikati ya wimbo usikilize besi tu. Imekosa ncha, ule mwanzo mkali wa sauti, kila nota kama inachelewa kuanza, dramu zimebaki peke yake. Haya, lirudishe. Bendi yote chumba kimoja, bila kliki ya kuhesabia mapigo masikioni, maiki mbele ya gitaa, pandisha taratibu mpaka besi ipate ncha yake, hapohapo simama usiguse tena.