Kutosheka si kukubali chochote

Akitajwa Profesa Barry Schwartz, mwanasaikolojia wa Marekani, haichukui muda utasikia: "Alisema ukitaka furaha, punguza viwango vyako." Utafiti wake hausemi hivyo.

Kwa ufupi, katika kuamua wapo wanaosaka kilicho bora kuliko vyote, na wapo wanaotosheka, yaani wanaoacha kutafuta wakishapata kinachofikia kiwango walichojiwekea.

Dhana ya kutosheka ni ya Herbert Simon, msomi wa Marekani aliyechunguza jinsi watu wanavyoamua, aliyeieleza mwaka 1956 na kupata Nobel ya uchumi mwaka 1978. Simon hakuwa akizungumzia furaha. Alikuwa na swali gumu zaidi: ili ujue hiki ndicho bora kuliko vyote, sharti uwe umevipima vyote, na binadamu hana muda, taarifa wala uwezo wa akili wa kufanya hivyo. Basi aache lini kutafuta? Jibu lake: pale masharti yanapotimia. Kwa hiyo kinachoyatenganisha makundi haya mawili ni mahali pa kukomea, wala si ukubwa wa kiwango. Anayetafuta chumba cha kupanga anaweza kudai maji ndani, kodi isiyozidi robo ya mshahara na dakika 20 kwa miguu hadi kazini, akakataa vyumba tisa. Cha kumi kikitimiza yote, analipia na hatazami cha kumi na moja. Huyo ametosheka, na masharti yake ni makali.

Schwartz na wenzake waliunganisha dhana hii na ustawi mwaka 2002, kwa dodoso la sentensi 13. Waliopata alama za juu za kusaka kilicho bora walielekea kuwa na furaha kidogo na majuto mengi. Huo ni uhusiano tu. Hauthibitishi kipi kinasababisha kipi. Mwaka 2006, yeye na watafiti wenzake Sheena Iyengar na Rachael Wells waliwafuatilia wanafunzi waliokuwa wakitafuta kazi: wasakaji walipata mishahara mikubwa kwa takriban 20% kuliko wanaotosheka, lakini waliridhika kidogo kuliko hao na kazi walizopata.

Kanuni ya Simon huharibika masharti yanapotungwa baada ya kuona vitu, au mtu anapoendelea kuchungulia vingine akishalipa. Naye anayechukua chumba cha kwanza bila sharti lolote hakutosheka kwa maana ya Simon wala ya Schwartz, maana hakuwa na kiwango cha kufikia. Tumtafutie jina lingine.