Mashanza haisafishe "damu iliyobaki"

Hapa Bukavu bamama wanaambiana tangu zamani kwamba hedhi ikikatika juu ya umri damu inabaki inaganda mu tumbo, njo maana tumbo linajaa gazi, na lazima unywe mashanza (maziwa ya kuganda) ama kefiri mingi ikusafishe. Hapana. Hakuna damu inayobaki: ovari (mifuko ya mayai ya mwanamke) zinapunguza estrojeni, homoni ya kike, ukuta wa ndani ya kizazi haujijengi tena kila mwezi, basi hakuna kitu cha kutoka.

Kefiri yenyewe ni nzuri, ni maziwa yaliyochachishwa na bakteria pamoja na hamira, zinakula sehemu ya sukari ya maziwa, kwa hiyo mwenye kuvimbiwa akinywa maziwa ya kawaida mara nyingi anaivumilia zaidi, na kalsiamu inabaki, mifupa inaihitaji sana umri ule juu estrojeni ikishuka mifupa inapoteza nguvu. Anza na nusu glasi. Mashanza ya sokoni, uliza kwanza kama maziwa yalichemshwa, mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa brusela.

Na tafazali mama, damu ikirudi kisha mwaka mzima bila hedhi, usifurahi eti uchafu unatoka, enda hospitali mbio, inaweza kuwa dalili ya kansa ya kizazi.